Mzee Bado Yumo Daftarini

Mama alifika kituoni saa mbili na nusu asubuhi, amevaa lile gauni analolitunza kwa ajili ya harusi za watu. Wazee waliruhusiwa kupita mbele, lakini alikataa akapanga foleni. Hakutaka isemwe amependelewa kwa kuwa msimamizi wa kituo ni mwanawe wa kwanza.

Mwanawe alikuwa ndani ya darasa, nyuma ya meza ya mwalimu, daftari la wapigakura likiwa wazi mbele yake. Siku zote alikuwa karani wa ofisi ya uchaguzi, na leo alikuwa amekabidhiwa kituo hiki. Alimwona mama yake mlangoni akatabasamu kidogo, kisha akajikaza.

Mwaka huu mama alikuwa na hamu ya kupiga kura kuliko miaka yote. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akienda kituoni na mumewe, wameongozana kama maharusi, halafu kila mmoja anampigia mtu wake. Mzee alikuwa chama kile, yeye chama hiki. Wakirudi nyumbani mzee humwambia, "Tumetoka sare tena, mke wangu." Mzee alifariki miezi minane iliyopita. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka, lakini juzi, akipiga pasi gauni, alisema nusu kwa mzaha, "Safari hii kura yangu haina wa kuifuta."

Alikabidhi kadi yake. Msimamizi akateremsha rula mstari kwa mstari, akafika, akarudi juu, akateremsha tena. Namba ya mama haikuwepo. Iliyotangulia ilikuwepo, na picha ya mzee pembeni, macho kayatoa kama aliyeambiwa asipepese.

Mzee yumo, mama hayumo.

Ofisini kwao marehemu hufutwa kwa namba ya kadi, kwa kuwa majina hufanana. Fomu ya baba yake aliijaza mwenyewe, wiki ya pili baada ya mazishi. Kadi za wazee wake zilikaa miaka yote ndani ya kifuko kimoja cha plastiki, zimepeana mgongo. Alikishika kifuko kile, macho yamejaa machozi, akanakili namba ya kadi iliyokuwa juu. Hakukigeuza kuhakikisha ni ya nani. Mwenzake wa meza ya pili aliipokea fomu, akampa pole, akafuta.

Halafu kulikuwa na zile siku kumi na nne ambazo daftari lilibandikwa ukutani, watu walikague na wenye malalamiko walalamike. Mama alitaka kwenda. Yeye ndiye aliyemzuia. "Usijisumbue kusimama juani, mama. Mimi si ndiye ninayelishika hilo daftari?" Naye hakulikagua, kwa sababu hakuwa na moyo wa kuliona pengo la baba yake. Ujinga gani huu, tena wa mtu aliyesimama mbele ya semina nzima akifundisha watu kukagua mara mbili.

Alipiga simu ofisini. Mkuu wake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kadi anayo?"

"Anayo, mkuu. Yupo hapa mbele yangu, mzima."

"Sheria unaijua kuliko mimi, kaka. Daftari likishafungwa limefungwa. Asiyemo hapigi. Mwambie uchaguzi ujao."

"Ana miaka sabini na sita."

"Pole sana," alisema mkuu, na ilisikika kwamba kweli ameumia. Ikaishia hapo.

Alimweleza mama kwa sauti ya chini, yote, hata lile la kifuko. Foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. Wakala wa chama kile alivuta kiti chake karibu, akamtazama wakala wa chama hiki, wakaelewana, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu asubuhi.

"Bosi, mpe tu mstari wa mzee," alinong'ona yule wa chama kile. "Sisi hatujaona kitu."

Lilikuwa kosa la jela, na mkono wa msimamizi ulikuwa tayari umeshika kalamu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani mtu amwamuru avunje sheria.

"Hapana, baba," mama alimwambia wakala. "Hiyo ni ya mume wangu, na alikuwa upande wenu. Nikaipige vipi kura yake kwa mtu wangu? Atanidai huko aliko." Akamgeukia mwanawe. "Mimi si nimekuzaa? Nipo. Huwezi kuandika tu kwamba nipo?"

"Siwezi, mama."

"Na baba yako yumo."

"Yumo."

Alirudisha kadi ndani ya mkoba, taratibu, akafunga zipu. Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Akatoka, akakaa kwenye benchi la nje, kidole chake hakina wino, akiwajibu wote waliomuuliza kwamba ameshamaliza.

Saa kumi jioni msimamizi alifunga mlango, akapitia daftari kama sheria inavyotaka, akiandika mbele ya kila jina aliyefika na asiyefika. Kwa mama yake hapakuwa na mahali pa kuandika chochote. Kwenye mstari wa baba yake kalamu ilisita kidogo, kisha akaandika: Hakufika.