Samaki Yenye Hatukuonja

Kwetu, musichana akiombwa, shangazi njo anatumwa kuangalia nyumba ya bakwe. Haendake baba, haendake padri. Shangazi anaenda bila kutoa habari, anakaa, anaangalia nani anaamuru na nani ananyamaza, namna jikoni inafagiwa, namna bakubwa banasemesha badogo. Na kitu kimoja: hakulaka. Hata maji hanywake. Akikula, amesha kutoa mutoto, hakuna tena kurudi nyuma. Asipokula, anaaga na heshima, anarudi, na maneno inaishia pale. Na haambiake mutu sababu. Ukisema, bataanza kukusukumia sahani mpaka kwenye mudomo, na kuangalia itakuwa haina maana tena.

Mi ni Florentine, nauzisha samaki ya Kyavinyonge, kule ku ziwa, ku soko ya Butembo, na ulimi yangu banaijua mpaka kule Vulamba. Nimetumwa mara mingi, juu kaka zangu bamezaa basichana tele. Sikulaka ovyo. Shangazi yangu mimi alikula ovyo. Alitumwa Lubero, bakamupikia mbuzi, akakula mpaka akanyonya mifupa, na mi nikapelekwa. Mbuzi ilikuwa tamu. Bwana mwenye nilipewa, hapana. Nilirudi kwetu na kikwembe moja mukononi, nikakuta kaka yangu Gamaliel ameshika katoto kachanga, muke yake ametoka kuzikwa. Nikachukua ule mutoto, nikamubeba mugongoni. Njo Nadège. Amenipita urefu sasa, mais mugongo yangu bado inamujua.

Na njo ule Nadège bakakuya kuomba.

Kijana ni Shafii wa Beni, anaendesha camion ya samaki toka ku ziwa. Nilikuwa namujua, alikuwa ananileteaka mizigo, heshima yake haikosi. Lakini ni Muislamu. Muyomba yake Daudi alikuya na bazee kwa Gamaliel, bakaongea vizuri, bakakunywa chai. Gamaliel ni mutu ya kanisa, alishindwa kusema ndiyo, alishindwa kusema hapana, akatupa muzigo kwangu: Florentine ataenda kuangalia. Bakamuuliza Nadège. Akasema anamutaka Shafii, lakini shangazi yake asipokula kule, hataenda. Alisema hivyo akiniangalia mu macho, na mi nikajifanya naokota kitu chini.

Nitasema kweli. Nilienda Beni kukatala. Niliogopa ile barabara, yenye kila mutu anapitaka na roho mukononi. Niliogopa bamubadilishie mutoto maombi. Zaidi ya yote niliogopa kubaki peke yangu mu ile nyumba, jioni, na sufuria ya mutu mumoja. Donc nilikuwa natafuta kosa moja tu mu nyumba ya Shafii, na makosa hazikosekanake mu nyumba ya batu.

Ilikuwa Ijumaa. Mwaka huu Kwaresima yetu na Ramadani yao zilianza siku moja, Butembo yote ilikuwa inaongelea ile. Nilipanda gari asubuhi, tukapita mabarrière ya basoda, tukafika Beni jua ikiwa kali. Nikauliza nyumba ya Mama Safi, mama ya Shafii. Bakanionyesha mulango ya kijani. Nikabisha.

Mwenye kufungua, nilimujua.

Ni mama mumoja alikuwa anakuyaka ku meza yangu kila juma, tangu miezi mingi. Mi na Nadège tulikuwa tunamuita Mama Mangina, juu siku ya kwanza alisema ye ni muzaliwa wa Mangina. Mama wa kusumbua. Anafungua samaki masikio, anaifinya tumbo, anainusa. Kiisha anaanza maulizo: huyu musichana ni wako? Nani alimufundisha kupasua hivi? Bakichelewesha muzigo anakasirikaka? Siku moja nilichoka, nikamuuliza mbele ya batu: «Mama, unanunua samaki ama unaioa?» Soko yote ikacheka. Ye pia akacheka, akalipa, akaenda. Na juma yenye kufuata akarudi.

Sasa iko ananisimamia ku mulango yake, kitambaa nyeupe ku kichwa.

«Karibu, Mama Florentine,» akasema. «Nilijua utakuya leo ao kesho. Njo nilinunua samaki kwako jana.»

«Ulijuaje?»

«Ningekuwa wewe, ningekuya hivyo. Siku ya kazi, bila kusema, saa ya kupika. Kwetu pia, kijana akitaka musichana, banatuma mutu kuangalia kule anatoka. Bengine banatuma jirani. Mi nilienda na miguu yangu, juu jirani anakudanganyaka.»

Niliingia kama mutu mwenye bamemwagia maji. Nilikuya kuhukumu, kumbe hukumu yangu ilishakatwa zamani, pale pale ku meza yangu, mikono yangu ikinuka samaki. Nikaanza kukumbuka yote nimesemaka mbele ya ule mama. Eh, ilikuwa mingi.

Shafii alikuwa ku ziwa na camion. Akaniweka ku kiti nyuma ya nyumba, karibu na moto, akaanza kupika. Mi nikaanza kutafuta kosa yangu. Nikaangalia sahani: zinangaa. Nikaangalia pipa ya maji: imefunikwa. Nikamuangalia namna anapasua samaki, nikaona anafuata njia ya Nadège, toka mukia kwenda kichwa. Alijifunza ku meza yangu, kwa kuangalia tu. Akaweka mafuta, nyanya, pilipili. Harufu ikaniingia mpaka mu magoti, juu toka asubuhi sikutia kitu mudomoni.

«Ijumaa ya Kwaresima hamukulake nyama,» akasema, mugongo ikiniangalia. «Njo sikuchinja kuku.»

Ni mambo gani hii, mutu wa dini ingine anashika siku zako kuliko bengine mu parokia yako?

Kiisha akachota mchuzi na kijiko, akanigeukia. «Nisaidie, onja chumvi. Mi nimefunga. Bengine banaonja na ulimi banatema, mi naogopa.»

Ile kijiko ikasimama mbele ya mudomo yangu. Nikaona marehemu shangazi yangu na mbuzi yake.

«Hapana,» nikasema. «Mi pia siwezi.»

Akanitazama kidogo. Akarudisha kijiko mu sufuria, akashika chumvi na vidole, akatupa kwa kubahatisha, akafunika.

Akaniandalia ndani, ku mukeka. Bugali ya muhogo, moshi ikipanda, na tilapia mbili nzima mu sahani. Akanawisha mikono yangu. Kiisha akakaa mbele yangu, mikono ku magoti. Sasa fikiri kidogo: mabibi mbili, samaki katikati, mumoja hawezi kukula juu ya Mungu, mwenzake hawezi juu ya mila. Na njaa ilikuwa inatuuma sisi wote, nilisikia tumbo yake, naye alisikia yangu. Saa ikapita. Mafuta ikaanza kuganda pembeni ya sahani. Mi nikiangalia ukuta, ye akiangalia mikono yangu.

Kiisha nikaona macho yake inajaa machozi.

«Mama Florentine,» akasema, pole pole. «Nimekula samaki ya mukono yako miezi hii yote, sikuuliza mukono ile inafanya alama gani mbele ya kukula. Mukono yangu iko na uchafu gani?»

Ile ilinipiga. Shangazi hasemake sababu, najua, nimefundisha hata bengine. Mais nikaona ule mama akijifuta na pembe ya kitambaa, nimemutukana mu nyumba yake bila kufungua mudomo, mi mwenye kutukanaka na sauti. Hasira ikanipanda, hasira juu yangu mwenyewe.

«Uchafu gani? Nani amesema uchafu?» nikamufokea. «Unafikiri harufu hii hainiue? Kwetu shangazi akikula, amesha kutoa mutoto! Nikitia mukono mu hii sahani, Nadège ni wako. Sasa umejua. Nimevunja mila ya babu zangu juu ya machozi yako, ufurahi.»

Safi akaniangalia mudomo wazi. Kiisha akaanza kucheka, machozi bado inatembea. Alicheka mpaka akashika mbavu. Na mi, nisimudanganye mutu, nikacheka pia.

«Sasa uliza,» akasema, akitulia. «Uliza yenye inakuzuia kukula.»

«Utamubadilishia dini?»

«Sheria yetu inamuacha abaki mu yake. Batoto batafuata baba yao, hiyo sitakuficha leo ili uione kesho. Lakini ye, hapana, kama hataki mwenyewe.»

Ile ya batoto ilinichoma, sitasema haikunichoma. Lakini mutu wa kudanganya angeiruka, na ye hakuiruka.

«Na mbona ulimutaka?» nikauliza. «Beni haina basichana?»

«Ulikuwa unamutukana mbele ya soko yote,» Safi akasema. «Unamuita mvivu, kichwa ya mbuzi, na nini na nini. Na ye anacheka, anaendelea na kazi. Mara ya kwanza nikasema, huyu shangazi ni mubaya. Nikarudi, ili nione musichana akilia pembeni. Hakulia. Nikarudi tena. Mutoto mwenye kucheka akifokewa, anajua kabisa anapendwa. Mi nilitaka mutoto mwenye alipendwa, juu huyo njo anajua kupenda. Kiisha nikaogopa: nitawezaje kumupenda hivyo, ili asione tofauti?»

Mu maisha yangu hakuna mutu aliwahi kusema nimemupenda Nadège. Banasema nimemulea, banasema niko na ulimi mbaya. Na ule mama alisimama juani miezi mingi, anafinya samaki, na macho yake inasoma yenye mi mwenyewe sikuwahi kusema.

Akasimama. «Kuya. Umeona jikoni, haujaona kwenye atalala.»

Ilikuwa chumba ndogo, imepakwa chokaa mupya. Kitanda, sanduku, dirisha yenye kuangalia kwenye ndizi. Ukuta haikuwa na kitu, ila juu ya kitanda kulikuwa musumari moja, mupya, imepigwa vizuri, na haikubeba kitu.

«Ile ni ya nini?»

Safi akashika mukono moja na mwengine, sawa musichana mwenye kuulizwa na mwalimu.

«Shafii aliniambia kwenu kila kitanda kiko na musalaba juu yake. Mi musalaba siwezi kuutundika, si kazi yangu, na sitajidanganya. Mais musumari, mikono yangu inajua kupiga. Yenye atatundika pale, ni ye na Mungu yake.»

Nimeingia mu nyumba mingi ya bakwe, Bakatolika batupu, nimeonyeshwa televizyo, viti vya kitambaa, ngombe. Hakuna mwenye alinionyeshaka ukuta yenye inangojea mutu. Mwili yangu ikasisimuka mpaka ku vidole vya miguu, vile inanifanyiaka siku ya Pasaka bakizima taa na mushumaa moja ikaingia. Nikagusa ile musumari. Ilikuwa imara.

«Jua inaingia saa ngapi?» nikauliza.

Safi akaelewa. Akaenda kupasha samaki moto.

Tulikaa tena ku mukeka, sahani katikati yetu. Inje batu bakarudi toka kazi, pikipiki zikapita, mwangaza ukatoka ku ukuta pole pole. Kiisha muadhini akaita toka muskiti. Safi akachukua tende, akaikata mara mbili, akasema maneno yake chini chini. Mi nikafanya alama ya musalaba, nikasema yangu. Akanipa nusu ya tende. Nikakula. Kiisha nikatia mukono mu bugali, nikatia mu samaki, nikakula, na ye akakula, sahani moja.

Ile chumvi, yenye hakuna mutu aliionja, ilikuwa sawasawa. Nilimuambia. Akasema ni Mungu. Nikamuambia sibishi.

Barabara ilikuwa imesha kufungwa juu ya usiku, donc nililala kule, mu chumba ile ya chokaa. Mbele ya kulala nilimupigia Gamaliel.

«Sasa?» akauliza. Nikasikia Nadège anapumua karibu na telefone.

«Nimekula,» nikasema. «Mpaka nikalamba vidole.»

Nadège, ule wa kucheka akifokewa, nikasikia analia. Nikamuita kichwa ya mbuzi, nikamuambia aende kulala, kesho kuko muzigo wa kupasua. Nikakata haraka.

Asubuhi Safi alinisindikiza mpaka ku gari. Nilikuwa nimesha kupanda wakati alikuya mbio ku dirisha, kitambaa ikimuteleza, akiniambia nimesahau rozari yangu ku ile musumari.

Nikamuambia sikusahau.