Vidole vya Assia

Maji yalikuwa yameingia tena ndani, na Soumaya alikuwa ameinama akiyachota kwa sufuria na kuyamwaga nje, kama walivyokuwa wakifanya majirani zake wote wa mtaa wa Buterere, pembezoni mwa mji, asubuhi ile. Unga wa mandazi ulikuwa umeshaumuka juu ya meza, mahali pekee palipobaki pakavu. Mumewe Khaled, fundi wa magari, alikuwa amekwama Rumonge: gari alilokwenda kulitengeneza lilipona, lakini mafuta ya kulirudisha mjini hayakupatikana. Nyumbani walibaki Soumaya na binti yao Assia, wa miaka saba, aliyekuwa akitembea juu ya kiukuta cha matofali walichojenga mlangoni kuzuia maji, mikono ameitanua kama mbawa.

Soumaya alisikia kishindo. Hakusikia kilio, na hilo ndilo lililomtoa mbio. Mtoto alikuwa amekaa kwenye tope, midomo imempauka, mkono wa kushoto ameupakata kwa ule wa kulia. Alikuwa ametanguliza kiganja ili asiangukie uso. Juu kidogo ya kiwiko, mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Mama, usiniguse," Assia akasema kwa sauti ndogo. "Mukono yangu imevunjika."

Jirani mmoja alishauri wampeleke kwa mzee wa mtaa wa pili anayefunga mifupa kwa vijiti na majani. Soumaya hakutaka kusikia. Alimjua mtoto aliyefungwa namna hiyo, akafunguliwa mkono umekauka kama kuni. Akamtundikia Assia mkono kwa kipande cha kitenge shingoni, akaliacha beseni la unga vilevile, wakatoka.

Basi halikupatikana. Wiki nzima mabasi yalikuwa yamepanga foleni kwenye vituo vya mafuta, madereva wamelala ndani. Wakapata baiskeli ya kukodi na mwendeshaji wake. Soumaya alipanda nyuma na mtoto mapajani, akiumia kila gurudumu lilipoingia shimoni, maana kila shimo alilisikia kwenye pumzi ya Assia. Walipokaribia mjini, polisi akawashusha: baiskeli za abiria hazivuki pale. Soumaya alimwonyesha mkono wa mtoto. Polisi aliutazama, akasema pole, na kwamba amri ni amri. Basi Soumaya akambeba mtoto, akaingia mjini kwa miguu.

Hospitali walipokelewa na muuguzi anayeitwa Irène, mwanamke wa makamo mwenye asili ya Bukavu, mwenye mikono ya upole. Hakuuvuta ule mkono wala hakujaribu kuunyoosha. Alitafuta mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, akafumba macho, akayapata. Akambonyeza ukucha hadi ukawa mweupe, akauachia, wekundu ukarudi. Kisha akamwomba Assia aunganishe kidole gumba na cha pembeni yake vifanye duara. Duara lilitoka, bovu, lakini lilitoka.

"Mama Assia, sikiliza," Irène akasema. "Mutoto akiangukia kiganja, mufupa inavunjika hapa juu ya kiwiko. Mushipa ya damu na ya fahamu inapita palepale. Sasa bado iko muzuri. Lakini uchunge hivi vidole. Vikianza baridi, ao akilia ukivinyoosha, uniite mbio."

Aliuegemeza mkono kwenye ubao mwepesi, kiwiko kimekunjwa kidogo tu, akaufunga kwa bandeji iliyolegea, akampa dawa ya maumivu. Kilichobaki ni radio, yaani ile picha ya mifupa, ili daktari aone vipande vimekaa vipi kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji. Na radio ilihitaji umeme.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Jenereta lilikuwepo, na mazutu, yaani dizeli ya kuliwasha, ilikuwepo, imefungiwa stoo. Mwenye ufunguo alikuwa Fortunat, mtu wa vifaa, kijana nadhifu wa shati jeupe. Alimweleza Soumaya kwa heshima zote kwamba ile mazutu ni ya akiba, haiguswi bila neno la mkurugenzi, na mkurugenzi yuko mkutanoni Kinindo, simu ameizima. Irène alikwenda kumwomba yeye mwenyewe. Akarudi mikono mitupu.

Wakakaa kwenye benchi la korido. Soumaya alikuwa hajui kazi nyingine ila ile aliyopewa. Anabonyeza ukucha, anaachia, anangoja. Wekundu unarudi. Anashika vidole vya mkono mzima, anashika vya mkono uliovunjika, analinganisha joto lake. Mara akijiambia ni sawa, mara akijiambia anajidanganya, mpaka akawa haamini tena ngozi yake mwenyewe. Watu walipita na wagonjwa wao, wengine wakalazwa, wengine wakarudishwa. Kiwiko cha Assia kilivimba, ngozi ikang'aa kama ya ndizi mbivu.

Adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka upande wa Buyenzi. Soumaya alisali palepale alipokaa, mkono mmoja juu ya vidole vya mwanawe. Akiwa bado kwenye dua akahisi vimepoa.

Alibonyeza. Weupe ukakaa. Alimnyoosha kidole cha kati, taratibu kabisa, na Assia, ambaye alikuwa amelia kidogo tu tangu asubuhi, akatoa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia.

Irène alikuja mbio. Alifungua bandeji yote, akaunyoosha mkono kidogo, akatafuta mapigo. Safari hii alitafuta muda mrefu. Alimwita daktari wa mifupa, Rénovat, aliyekuwa akiwaona wagonjwa hospitali nyingine, naye akasema anakuja, lakini anakuja kwa miguu kama kila mtu. Soumaya akaenda peke yake mpaka mlango wa stoo. Hakupiga kelele. Alimwambia Fortunat kwamba mkono wa mwanawe unakufa. Fortunat alitazama chini. Alisema naye ana watoto, na mwenzake aliyefungua stoo bila ruhusa alifukuzwa kazi.

Umeme ulirudi wenyewe, alasiri, bila mtu kuuita. Daktari Rénovat aliingia akitoka jasho, suruali imetapakaa tope hadi magotini. Aliitazama picha kwa muda mfupi mno. Mfupa wa juu ulikuwa umekatika na kipande cha chini kimesukumwa nyuma. Ncha ya kipande cha juu ilikuwa imekaa juu ya mshipa kama mtu aliyekanyaga mpira wa maji. Walimlaza Assia usingizi wa dawa, wakaurudisha mfupa mahali pake, wakaushika kwa pini mbili. Mapigo yakarudi. Lakini misuli ya mkono wa chini ilikuwa imekosa damu na kuvimba ndani ya ngozi yake, ikabidi waichane, kutoka karibu na kiwiko hadi karibu na kifundo, ipate kupumua.

"Mufupa itaunga," daktari akamwambia Soumaya. "Vidole, tutaona."

Khaled alifika kesho yake, amepanda lori la mchele. Alikaa kando ya kitanda, akaushika mguu wa mwanawe, kwa kuwa aliogopa kushika pengine popote. Siku zilipita. Kiwiko kilitulia. Vidole vitatu vya Assia vilibaki vimejikunja ndani ya kiganja, na kila asubuhi Irène alimfundisha mama namna ya kuvinyoosha, kimoja kimoja, bila kulazimisha.

Asubuhi moja daktari Rénovat alipita na wanafunzi wake. Walisimama kuzunguka kitanda. Aliwaonyesha kovu, akawaonyesha vidole, akaeleza mambo ya damu na misuli. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayerudia somo alilokwisha kulisema mara nyingi, kwamba haya ndiyo tunayoyaona wazazi wanapochelewa kuleta watoto. Wanafunzi wakaandika.

Soumaya aliinuka. Sauti ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Dokta, mi sikuchelewa. Mi nilikuwa hapa."

Khaled alimgusa kiwiko ili akae. Hakukaa.

"Nilifika asubuhi, vidole viko na moto. Nilikaa pa benchi ile ya korido. Vilikufia hapa, mi niko ninaviangalia."

Kalamu zilisimama. Daktari akamgeukia Irène, aliyekuwa nyuma na trei ya dawa, akamuuliza ni nani aliyempokea mtoto huyu.

Irène aliweka trei chini.

"Ni mimi," akasema. "Ni kweli, dokta. Asubuhi alikuwa anafanya duara."

Daktari alitazama kile kiganja kidogo, kisha akasema waendelee, na kundi likahamia kitanda cha pili, likizungumza Kifaransa kwa sauti ya chini.

Soumaya alikaa, akauchukua mkono wa mwanawe, akaanza kunyoosha kidole cha kwanza. Assia alimuuliza kama wale watu wamekasirika.

"Apana," mama yake akasema. "Wamesikia tu."