Kura za Miguu

Katiba ya klabu ile ilisema kura zipigwe kwa miguu. Anayekubali hoja aende golini upande wa ghala, anayekataa aende golini upande wa ofisi, kisha katibu ahesabu vichwa. Waasisi waliona karatasi ni gharama, na miguu kila mtu kaja nayo.

Ubaya wa miguu ni kwamba inapenda kivuli. Asubuhi ukuta mrefu wa ghala uliliangushia kivuli goli la wanaokubali. Jua likishavuka utosi, kivuli kilikuwa cha ofisi, kwa wanaokataa. Mwenyekiti aliita mikutano yote asubuhi, na hoja zake zote zilipita. Watu wakasema ana ulimi wa asali.

Safari hii alitaka uwanja uzungushiwe ua, utiwe kufuli, na ufunguo akae nao kocha wa timu kubwa, eti nyasi zipumzike. Mabinti wanaocheza pale jioni wakapumzike wapi, hilo halikuwemo kwenye hoja. Kipa wao, mwenye magoti yaliyojaa makovu, alikuwa mjukuu wa Bibi Sindano.

Bibi Sindano alipewa jina hilo kwa kufuma, na kwa ulimi pia. Alikuwa mwanachama tangu enzi za marehemu mumewe, na mwenyekiti alikuwa mdogo wa marehemu. Kwa hiyo ni shemeji, halali ya kutaniwa.

"Bibi, watatufungia kweli?" mjukuu alimwuliza asubuhi ile.

"Wewe kadake mipira. Maneno niachie mimi."

Mkutano ukaanza. Hoja ilisomwa, watu wakaanza kuinuka, vidole vya miguu vikilielekea ghala. Bibi akainua sindano yake ya kufumia.

"Shemeji, kabla hatujatembea. Vijana wengi hapa hawalijui lile bao lako la fainali. Wengine wanasema lilikuwa la kuotea."

Mwenyekiti akavua miwani. "Nani anasema?"

"Mimi mjane wa watu nitamjua nani? Nasikia tu."

Waliosimama wakakaa. Mwenyekiti akaanzia kwenye mvua ya siku ile, akaja kwenye viatu vya kuazima, kisha akapanga chupa za maji mezani: mabeki hawa, yeye huyu. Alipofika kwenye pasi, bibi akauliza kwa upole kama ilitoka kulia au kushoto, na chupa zikapangwa upya. Katibu alikohoa, lakini kikohozi si filimbi. Bibi akafuma. Kivuli cha ghala kikajikunja polepole kama mgeni aliyeshiba anayetafuta namna ya kuaga.

Mpira ulipoingia wavuni, watu walikuwa wanajipepea kwa kofia.

"Haya, sasa tupige kura," akasema mwenyekiti, uso unang'aa kama ndiyo kwanza amefunga.

Miguu ikafanya ilichozoea. Goli la ofisi lilijaa hadi watu wakakanyagana. Kwenye goli la ghala walisimama kocha na wachache waliokubali kwa moyo, wakiungua. Hao bibi aliwaheshimu. Hoja ikaanguka.

Mwenyekiti aliutazama ukuta, akalitazama jua, halafu akaja taratibu hadi kwenye kiti cha bibi.

"Shemeji, umenitega."

"Mimi nimekaa hapa hapa. Aliyetembea ni jua."

Akataka kukasirika, kicheko kikamtangulia. "Mkutano ujao tunapiga kura kwa karatasi. Tena ndani."

"Hapo umenena. Na mabinti wapewe kadi za uanachama, maana nyasi wanazikanyaga wao."

Mwenyekiti akamwashiria katibu aliandike na hilo.

Jioni mjukuu alipita na mpira kwapani, akielekea uwanjani. Akasita mlangoni. "Bibi, kwani lile bao lilikuwa la kuotea?"

Bibi akahesabu vishono vyake kwanza.

"Aliyetoa pasi ni marehemu babu yako. Ameingia kaburini akisema lilikuwa la kuotea. Nenda, utachelewa."