Bwana Tinga Amekataa

Bwana Tinga alizaliwa alasiri moja huko Likoni, akiwa tayari na miaka hamsini na kitu. Aliyemzaa ni Mwanatabu binti Boga, mkodishaji wa viti na tenti za arusi, na alimzaa kwa mdomo, bila ya kukusudia.

Ilikuwa hivi. Binamu yake Luqman, anayefanya kazi bandarini Kipevu, alimjia stoo akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na Mwanatabu kuiona tu ile kanzu akajua viti vyake vinaondoka. Luqman havai kanzu siku ya kazi ila ana haja. Alisalimia kwa kirefu, akauliza hali ya kila aliye hai, akawarehemu waliokufa, ndipo akafikia kusema kwamba mwanawe anaoa, na kwa kuwa mambo yenyewe ni ya nyumbani, angehitaji viti mia, tenti mbili na masufuria yote ya pilau. Neno "bure" hakulitaja. Alisema "tusaidiane" tu, na tusaidiane ya ukoo wa Boga inajulikana huelekea upande gani.

Mwanatabu naye hakuweza kukataa. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumwambia nduguye "sikupi" uso kwa uso. Husemwa inshallah, husemwa kesho, husemwa tutaangalia, na mwombaji hujifanya hakuelewa mpaka apewe. Mamake Mwanatabu alizikwa na nusu ya Likoni ikilia kwamba hakuwahi kumnyima mtu, na bintiye aliogopa kuitwa mchoyo kuliko alivyoogopa njaa. Njaa nayo ilikuwa yaja. Kodi ya stoo ilikuwa imelimbikiana, na mzee Nguma, mwenye nyumba, alikuwa amemwambia kwamba mwezi ukiisha hajalipa, viti vitatupwa barabarani na atakayeokota aokote. Biashara ile Mwanatabu aliianza na viti ishirini baada ya kufiwa na mumewe, na ndiyo iliyomsomeshea watoto. Hakuwa na nyingine.

Basi alifungua kinywa aseme inshallah. Wakati huo huo tingatinga la watengeneza barabara likapita nje kwa kishindo, likamkatiza, na alipopata nafasi tena alijisikia akisema, "Mpaka nimuulize mhasibu wangu."

"Una mhasibu wewe?"

"Ninaye. Bwana... Tinga."

"Tinga wa wapi?"

"Wa Magongo," alisema Mwanatabu, kwa sababu Magongo ni ng'ambo ya feri, tena mbele ya hapo, na jina lenyewe halikuwa la ukoo wao, hivyo hakuna ambaye angedai ni mjomba wake.

Jioni alimpigia Luqman simu. "Bwana Tinga amekataa," akasema. "Kasema lazima ulipe, na nusu itangulie." Akafumba macho akingoja lawama. Luqman aliguna, akasema watu wa hesabu hawana huruma, kisha akatuma ile nusu.

Hapo ndipo Mwanatabu alipoonja asali, na mwonja asali haonji mara moja. Wakija wa matanga, Bwana Tinga amekataa. Wakija wa hitima, Bwana Tinga amesema viti hamsini tu, na kilichovunjika kilipwe. Kila aliyenyimwa alitaka kujua mtu huyu ni wa namna gani, naye Mwanatabu hakuwa bahili wa maelezo: kapera, ana vidonda vya tumbo, hanywi chai ya sukari, ana mama mzee bara, hacheki. Ukoo ukaanza kumstahi. Watu wakawa wanamwambia, "Msalimie Bwana Tinga." Shangazi Zuleikha, dada wa marehemu mzee Boga na ndiye serikali ya ukoo ule, alituma hata mkate wa sinia. "Mtu mkali hivyo hapikiwi," alisema. "Mpelekee." Mwanatabu aliula wote peke yake nyuma ya stoo, na kesho yake akaleta shukrani za Bwana Tinga, pamoja na maoni yake kwamba iliki ilizidi kidogo.

Tabu ilikuja shangazi alipotangaza kwamba ukoo umeamua kuanzisha mfuko wake, na wanataka Bwana Tinga aje kuwashauri. "Mlete Jumapili," alisema. "Tumemtamani."

"Inshallah," alijibu Mwanatabu, na kwa mara ya kwanza maishani neno hilo halikumsaidia. Ilibidi atafute mhasibu wa nyama na mifupa.

Wa kwanza alimpata Changamwe, katika ofisi yenye kiyoyozi na picha kubwa ukutani ya mwenye ofisi akipeana mkono na mtu asiyeonekana uso. Alivaa suti, akacheka sana, akamwambia kwamba pesa atakayompa leo itazaa maradufu kabla ya Idi. Mwanatabu alipoanza kueleza kwa aibu kwamba anahitaji mtu atakayekubali kuitwa Tinga, yule bwana alikubali kabla sentensi haijaisha. "Nitakuwa Tinga, nitakuwa Tingo, lipa tu, mama." Mwanatabu alishukuru akaondoka. Mwongo alikuwa ni yeye mwenyewe tayari, na hakuona haja ya kuajiri wa pili.

Wa pili alikuwa Magongo, chumba cha juu ya duka la rangi. Jina lake Gedion, kijana mwembamba mwenye sauti ndogo ya kukera. Alimwonyesha leseni bila ya kuombwa, akamtajia ada yake kabla hajakaa, kisha akamuuliza anapata nini, anatoa nini, anadaiwa nini. Mwanatabu alieleza, ila viti vya jamaa alisema visihesabiwe, kwa kuwa haviingizi kitu.

"Kwani kiti kinachotoka bure hakivunjiki?" aliuliza Gedion.

Swali hilo lilimchoma Mwanatabu, naye akaligeuza haraka kuwa la Tinga. Gedion alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Siwezi, mama. Jina langu ndilo leseni yangu."

"Basi njoo uwe msaidizi wake."

"Msaidizi wa nani? Siwezi."

"Hebu hata kaa tu, usiseme kitu."

"Hapana. Nikija, nitakuja nikiwa Gedion."

Mwanatabu alishuka ngazi amefura. Alipofika chini alisimama mlangoni pa duka la rangi, akatafakari kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu akikataa mara tatu mfululizo, na asife mtu. Akapanda ngazi tena, akamwajiri.

Lakini Jumapili ilibaki pale pale. Kumsingizia Bwana Tinga ugonjwa hakukufaa, maana ukoo wote ungevuka feri na vikapu vya machungwa kwenda kumtazama. Kumsafirisha nako kungekuwa kuahirisha tu, wangemngoja. Mwanatabu aliwaza hivyo akiwa kwenye feri, na kabla haijafika upande wa Likoni alikuwa ameshamuua.

"Presha, shangazi," alisema kwenye simu. "Ghafla tu. Na keshasafirishwa bara, kwa mamake."

"Maskini," alisema Shangazi Zuleikha. "Basi tutakuja kukupa pole."

Walikuja wote. Walikaa juu ya viti vya Mwanatabu, bure, wakamsifu marehemu. Luqman, ndani ya kanzu ile ile, alisema Bwana Tinga alikuwa mkali lakini wa haki, na wazee wakaitikia. Mwanatabu alifunika uso kwa leso, na aliyemwona mabega yakitetemeka angedhani analia. Kicheko kilimwisha walipotaka kuondoka, shangazi alipomtia bahasha nene kiganjani. "Ni rambirambi," alisema. "Mkono mtupu haulambwi. Wafikishie wenyewe." Mwanatabu aliifungua bahasha baadaye akaketi chini. Watu ambao kabla ya Tinga hawakuwahi kumlipa kiti kizima walikuwa wamechangia pesa za kutosha kumlipa mzee Nguma kodi yote, na zikabaki.

Alijipa sababu. Kilichochangiwa Tinga ni mali ya Tinga, alijiambia, na Tinga ni nani kama si mimi? Sababu ilikuwa nzuri, akaipeleka Magongo pamoja na bahasha.

"Niandike zimetoka wapi?" aliuliza Gedion.

"Rambirambi."

"Kafa nani?"

"Bwana Tinga."

"Yule asiyekuwako?"

"Huyo huyo."

Gedion aliisukuma bahasha polepole mpaka ikarudi upande wa Mwanatabu. "Mama, kwangu mimi kila shilingi ina ilikotoka. Hizi sina pa kuziandika. Warudishie wenyewe, au utafute mhasibu mwingine. Yule wa Changamwe atakukubalia."

"Mwezi unaisha kesho kutwa, na nilizopata hazifiki deni. Viti vyangu vitatupwa nje, mwanangu."

"Najua," alisema Gedion, na ilionekana inamuuma kweli. "Kwa Nguma nitakwenda nawe tukamwombe akugawie deni, ulipe kidogo kidogo. Lakini hizi, hapana."

Mwanatabu alilia njia nzima, safari hii bila ya leso. Alililia viti vyake, na zaidi ya viti alililia jina. Hofu yake siku zote ilikuwa kuitwa mchoyo. Sasa ataitwa mchoyo, mwongo, na mla pesa za maiti. Alijionea huruma mpaka akafika Likoni, kisha huruma ikamwisha ikabaki haya, na haya ndiyo iliyompeleka moja kwa moja kwa shangazi kabla hajabadili nia.

Shangazi Zuleikha alikuwa barazani akichagua mchele, na Luqman kando yake anakula muhogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Mwanatabu aliiweka bahasha juu ya ungo. "Bwana Tinga hajafa."

"Alhamdulillahi," alisema Luqman.

"Hajafa kwa sababu hakuwahi kuwako. Nilimzua. Nilishindwa kuwanyima kwa mdomo wangu, nikatafuta mtu wa kubeba dhambi zangu. Pesa zenu hizi. Nisameheni."

Shangazi aliokota kijiwe kwenye mchele akakitupa uani. "Twajua," akasema.

"Mwajua nini?"

"Kwamba hayuko. Mwambie, Luqman."

Luqman alitazama muhogo wake. "Mimi Magongo napita kila siku, dada. Wiki ile ile uliyonikatalia nilikwenda kumtafuta, na kuku mkononi, nimlainishe. Wallahi niliuliza kila duka. Nikarudi na kuku wangu."

"Na mkanyamaza?"

"Tukuumbue?" alisema shangazi. "Umetafuta njia ya kutunyima bila ya kutuvunjia heshima. Hiyo ni adabu. Ile ya Jumapili ilikuwa ni kukuchokoza tu, tulitaka kuona utatokaje. Hatukujua kama utamtoa roho."

Mwanatabu aliketi kwenye mkeka. "Sasa rambirambi mlimchangia nani?"

Shangazi alichagua mchele kidogo kabla ya kujibu, na alipojibu hakuinua macho. "Miaka mingapi tunavikalia viti vyako? Nani angekuja kwako akasema, Mwanatabu, tumekudhulumu, shika haki yako? Mimi siwezi, mdomo hauendi. Huyu hapa pia hawezi. Lakini kumchangia maiti, kila mtu aweza. Ulipomuua tukasema Mungu kaleta njia. Kila mmoja katoa anachojua moyoni mwake, na mimi nilihakikisha wanakumbuka vizuri."

Mwanatabu hakujua acheke au alie. Alidhani ni yeye peke yake aliyejificha nyuma ya yule mtu, kumbe ukoo mzima ulikuwa umejibanza hapo hapo, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Aliwapenda kwa wakati ule kuliko alivyowahi kuwapenda, na alitamani kumtandika Luqman na ule ungo. Alitoa simu akampigia Gedion. "Andika ni malipo ya viti," alimwambia. "Vya zamani. Wenyewe ninao hapa."

"Hayo yana mahali pake," alisema Gedion.

Shangazi alikung'uta ungo, uso umemtulia kama mtu aliyetua mzigo. "Basi, yamekwisha," alisema. "Alhamisi nina maulidi hapa kwangu, mwanangu. Nataka viti arobaini. Tusaidiane."

Luqman aliacha kutafuna. Inshallah ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi wa Mwanatabu, na nyuma ya inshallah kesho, na nyuma ya kesho tutaangalia. Tinga alikuwa marehemu. Gedion hasemi uongo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kutumwa.

"Kiti ni shilingi ishirini, shangazi," alisema. "Na nusu itangulie."

Shangazi Zuleikha alifungua fundo la leso yake, akatoa noti moja moja, akazinyoosha kila moja juu ya paja kabla ya kuiachilia.

"Mungu amrehemu Tinga," alisema. "Yeye angenipunguzia."