Jina Chini ya Bakuli

Nina vyombo ishirini na vitatu vya udongo vya Kimarekani, na sijawahi kula hata kwenye kimoja. Viko ndani ya kabati la vioo sebuleni kwangu, hapa Tandika. Jumapili nikitoka kanisani ninavitoa kimoja kimoja, ninavifuta, kisha ninavirudisha. Kuna sahani mbili ndefu za samaki, jagi la maziwa lililomeguka mdomo, mabakuli ya mistari ya bluu yanayoingiliana kuanzia kubwa hadi dogo, na bakuli la mchuzi lenye mfuniko, rangi ya maziwa, lina majani ya kijani pembeni. Au niseme lilikuwepo. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulieleza.

Mwanangu Isack, anayeishi Kinyerezi na mkewe, aliwahi kuniambia, "Mama, si ungenunua friji." Sikumweleza vilikoanzia. Nilipokuwa mtoto huko Iramba, mama yangu aliosha vyombo katika nyumba ya wauguzi wa misheni, Wamarekani, nami nilikuwa nakaa mlangoni kumsubiri. Hakuniruhusu kugusa kitu. Alisema, "Angalia kwa macho, mikono weka mgongoni." Nikaangalia kwa macho miaka mingi. Shule niliishia darasa la nne. Nikaja mjini, nikazeeka nikisafisha ofisi za watu kule Kinondoni. Siku moja nikapita Buguruni nikakuta vyombo vya namna ileile vimemwagwa chini kwenye turubai, na hapakuwa na mtu wa kuniambia niweke mikono mgongoni.

Anayeviuza anaitwa Mwishehe. Vinakuja kwenye makontena pamoja na nguo za mtumba, vimeviringishwa magazeti ya huko. Ninavyovitaka vina muhuri chini, wenye jina la mji na la jimbo, Ohio. Kabla sijajua kuusoma niliujua kwa umbo, kama mtu anavyoijua sura ya ndugu yake. Mwishehe akiniona tu anaanza.

"Mama Ohayo huyo. Pindueni vyombo, anakuja kukagua makalio."

"Mwishehe, una mdomo wewe."

"Mie nina mdomo, wewe una macho. Kila mtu na riziki yake."

Bakuli la mchuzi nililipata kwake miaka kumi na moja iliyopita, likiwa na upawa wake wa udongo. Hilo ni jambo la nadra, kwa sababu upawa ndio hutangulia kuvunjika. Chini ya bakuli palikuwa pamebandikwa utepe wa kitambaa, umekauka na kuwa wa kahawia, una mwandiko wa kalamu ulioungana. Nilidhani ni mambo ya dukani. Nikachukua rangi ya kucha nyekundu nikaandika E yangu, E ya Editha, juu ya utepe uleule, na nyingine kwenye mpini wa upawa.

Mtaani kwetu kila mwanamke anaweka alama kwenye vyombo vyake, kwa kuwa vyombo huazimwa. Ukitokea msiba au shughuli, kila nyumba inatoa. Mwishoni wanawake wanakaa na rundo, wanapindua moja moja: hii ya Mama Yasmini, hii ya yule wa kona, huyu E ni nani. Chombo kisicho na alama hakirudi kwenu.

Miaka minne iliyopita alifariki Mzee Mwinjuma, mume wa Zubeda, huyo Mama Yasmini. Ni jirani yangu, mlango wa tatu. Watu walikuwa wengi na vyombo havikutosha, nikatoa bakuli langu na upawa wake. Nilitoa kwa kusaidia, na nilitoa pia kwa sababu nilitaka vionekane. Mungu anajua kipi kilitangulia.

Bakuli lilirudi. Upawa haukurudi.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Zubeda. Alikuwa amekaa mkekani katikati ya ndugu zake, amejifunika. Nikamwinamia sikioni nikamuuliza upawa wangu uko wapi. Aliniangalia, akajifunika uso. Tangu siku ile tunasalimiana kwa midomo tu. Mimi moyoni nilikwisha kukata shauri kwamba upawa anao, ameuficha. Nikisali ile sala aliyotufundisha Bwana, nikifika mahali pa kusamehe, napita haraka kama ninavyopita mbele ya mlango wake. Miaka minne nimepita haraka. Inachosha kuliko kupiga deki ghorofa sita.

Mwaka huu nilianza masomo ya jioni katika shule ya msingi ya hapa mtaani. Tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Nafika nikiwa nimevimba miguu, na mara nyingi herufi zinanicheza machoni kabla mwalimu hajamaliza kufuta ubao. Lakini nilimwomba Mungu anipe kusoma kabla sijafa, na mtu ukishaomba, inabidi uhudhurie.

Mwalimu wetu wa Kiingereza ni Revelian, Mhaya, umri wa mwanangu. Siku moja alituambia kila mtu alete kutoka nyumbani kitu chenye maandishi ya Kiingereza, akisome mbele ya wenzake. Mmoja alileta boksi la dawa ya meno. Tusajigwe, anayekaa dawati la mbele yangu, alileta kopo la dawa ya mbu. Mimi nilifunga bakuli kwenye kanga. Nilitaka kuusoma ule muhuri, nao wauone.

"Shikamoo mama," alisema mwalimu akilipokea kwa mikono miwili. "Hili umelitoa wapi?"

"Marahaba. Buguruni."

Akalipindua. Nikausoma muhuri wote, jina la mji na la jimbo, bila kukwama. Wenzangu wakapiga makofi, nikaona aibu tamu. Nilikuwa nanyoosha mikono kulichukua aliposema, "Na hapa?"

"Hiyo ni alama yangu, mwalimu."

"Chini ya alama yako, mama. Pana mwandiko wa mtu."

Alinirudishia. Nikaikwangua rangi kwa ukucha wa dole gumba, taratibu, utepe usichanike. Mwandiko ulioungana ni mgumu. Mwalimu hakunisaidia, aliandika tu ubaoni kila neno nililolipata. Ilichukua muda mrefu. Tusajigwe alikuwa ameshalalia mkono. Nilipofika mwisho mwalimu akasema, "Sasa tuambie maana yake."

Maana yake ilikuwa hivi: tafadhali lirudishwe, pamoja na upawa wake, kwa Bi Alma Torvik, jikoni kanisani.

"Safi kabisa," alisema mwalimu. Makofi yakapigwa tena, Tusajigwe akaamka akapiga na yeye. Mimi nilikaa.

"Mama Editha, mbona umenyong'onyea?"

"Mwalimu, hiki si changu."

"Si umekinunua?"

"Aliyeniuzia hakupewa na mwenyewe."

"Utepe huu una miaka hamsini, mama. Huyo bibi kashatangulia mbele za haki."

"Kwa hiyo chombo cha marehemu kinakuwa cha yeyote?"

Alijikuna kichwa kwa chaki. "Hilo sasa si swali la Kiingereza," alisema. Lakini baada ya kipindi alibaki na mimi, akalitafuta lile jina kwenye simu yake, huku na huku. Utepe haukutaja mji. Hakupata kitu.

Jumamosi nikaenda Buguruni. Mwishehe alikuwa anapanga vikombe.

"Mwishehe, hivi vitu vinatoka wapi hasa?"

"Bandarini."

"Kabla ya bandarini."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama Ohayo, unataka mie nirudishe kontena Marekani? Niwaambie samahani, kuna bibi anadai bakuli?" Aliponiona sicheki, akaacha. Akachukua kikombe akakipangusa kwa fulana yake. "Huko mtu akifa watoto hawana nafasi. Wanafunga kwenye maboksi, wanatoa sadaka. Hawapindui. Wangepindua, mie ningekuwa nauza nini? Nenda kaswali, mama. Mungu hakuandikii dhambi kwa bakuli."

Nilikwenda kusali, kama alivyosema, ila amani sikuipata. Nilipiga magoti mbele ya kabati maana ndipo penye nafasi. Kila nilipofumba macho nilimwona mwanamke mtu mzima, jikoni kwenye kanisa nisilolijua, watu wamekwisha kula, wanawake wanapindua vyombo, hii ya fulani, hii ya fulani, naye anasubiri bakuli lake. Labda aliuliza. Labda kuna jirani aliyemfikiria vibaya mpaka akafa. Na bakuli lenyewe liko Tandika ndani ya kabati la vioo, na mtu aliyelificha ni mimi.

Na ni huohuo upawa niliokwenda kumdai Zubeda msibani mwake, siku ya tatu, nikauita wangu.

Kanisani kwetu tuna jiko. Nilifikiria kulipeleka huko, maana ndivyo utepe ulivyotaka, jikoni kanisani. Lakini niliona ni kukimbia. Ili nifike kanisani lazima nipite mlango wa Zubeda, na ningepita haraka kama siku zote.

Zubeda ndiye mtunza vyombo wa kikundi chetu cha akina mama. Tulichanga baada ya msiba wa mumewe ili misiba mingine isitukute mikono mitupu, masufuria na masinia na sahani, nayo yote yamo kwenye chumba chake cha uani. Jumapili sikwenda ibada ya pili. Nilifunga bakuli kwenye kanga nikapiga hodi kwake. Alikuwa uani, kwenye kibao chake, anachambua mchele.

"Karibu," alisema bila kuinua macho.

"Za asubuhi, Mama Yasmini."

"Nzuri."

Nilibaki nimesimama. "Nimekuja kwa ajili ya ule upawa."

Akaweka ungo chini. "Mama Isack. Miaka minne. Bado tu?"

"Sikuja kuudai. Nimekuja kusema sikutakiwa kuuliza."

Kuku alisogea kwenye ungo, Zubeda akamfukuza kwa mguu.

"Mie nilikuwa nimetoka kuzika mume," alisema. "Sijui hata nani alipika, nani aliosha. Naona tu watu wanapita. Ulipoinama nikasema, huyu shoga yangu, ana neno la kuniambia. Nikakutegea sikio. Hukuniona? Nilisogeza na kitambaa ili nisikie vizuri." Akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Ukasema upawa."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, mengine nimeyapata kwenye maombi, yote yakaisha. "Nisamehe," nilisema.

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kaa basi, unanizibia mwanga."

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Na sijauona huo upawa wako."

"Najua."

"Hujui. Umeanza kuamini leo."

"Ndiyo," nikasema. "Leo."

Nikafungua kanga. Zubeda aliliangalia bakuli, akaniangalia mimi.

"Si lile la kabatini hili?"

"Ndilo. Nalileta kwenye vyombo vya kikundi."

"Litavunjika, Mama Isack. Unawajua wale wasichana wanavyoosha, wanagonga kama wanatwanga."

"Najua."

Nilisema najua, lakini mikono ilikuwa haijaachia. Alilivuta kidogo, nikamwachia. Aliingia chumbani, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha ya kijani, ile ya kikundi, akalipindua bakuli mapajani ili aweke alama. Akasita. Alama yangu nilikuwa nimeikwangua yote, umebaki utepe peke yake.

"Huku pana nini?"

"Lina jina tayari."

"Soma."

Nikamsomea kwa Kiingereza, kidole chini ya maneno kama mtoto, kisha nikamwambia kwa Kiswahili.

"Alma ndo nani?"

"Mwenyewe."

"Anakaa wapi?"

"Sijui. Mbali."

Zubeda alikishika kichupa wazi kwa muda, brashi inachuruza kijani. Kisha akakifunga. "Sasa akija kuliulizia?"

"Tutampa."

"Na upawa?"

"Tutamwambia ukweli."

"Utamwambia wewe," alisema Zubeda. "Mie sitaki kuulizwa upawa tena na mtu yeyote, wala wa hapa, wala wa Ulaya."

Alilipeleka ndani mwenyewe. Nilimsikia akisogeza masufuria, akilitafutia nafasi rafu ya juu. Aliporudi alikaa kwenye kibao chake, akauvuta ungo, akaupitisha katikati ili unifikie na mimi. Mchele ulikuwa na mawe mengi. Mgongo uliniuma na macho hayaoni vizuri siku hizi, lakini niliinama nikaanza kuchambua.