Kalume Alivyonyolewa Kisiwani

Kitu pekee ambacho Kalume alikichukia kuliko baridi ya Sydney ni wakubwa. Wakubwa wa aina zote: wale walioacha vita vimtoe yeye na mkewe Bukavu mbio, wale wa kambi ya wakimbizi waliowapanga foleni kama mbuzi wa mnada, na huyu wa sasa, supavaiza wa ghala la Smithfield, mtu wa ndimi mbili. Chibalonza, mke wa Kalume, alipokuwa anakata roho mwaka juzi, Kalume alikuwa ghalani anapanga maboksi kwa sababu alinyimwa ruhusa. "Wamemuua hao," alikuwa akisema, na hapo hakuna aliyemtoa.

Tangu msiba ule hakugusa wembe. Katika ukoo wa Chibalonza, mwanamume aliyefiwa na mke hajitoi matanga mwenyewe. Mashemeji ndio humpeleka penye maji, wakamnyoa kichwa na ndevu, wakamwosha, ndipo anaruhusiwa kucheka na watu, kwenda harusini, na kulala kitandani badala ya godoro la chini. Na kazi hiyo ikianza haikatizwi. Akiondoka kabla hajamalizwa, anarudi matangani mwaka mzima.

Mara mbili walipanga, mara mbili rosta ya zamu za kazini ikaharibu. Ile ya pili, maji yalikuwa tayari kwenye beseni nyumbani kwake Doonside, wageni wamekaa, simu ikalia. Kalume akavaa buti za kazi, akaenda.

Ndiyo maana mwaka huu Marie-Jeanne, mdogo wa marehemu, hakuomba. Aliamuru.

"Shemeji, Julai unachukua likizo yako. Tunakwenda Queensland kwenye joto. Maji ya Sydney kwenye baridi ya Julai mimi siingizi hata kidole."

"Likizo ni ya wazungu wastaafu."

"Na wewe je? Ndevu zako zilishastaafu zamani. Ukizikung'uta hapo, panya watatoka na watoto wao."

Mumewe, Olivier, akakodi karavani, moja ya yale magari yenye vitanda, jiko na choo humo humo. Wakaendesha siku mbili kuelekea kaskazini. Kalume alikaa nyuma na koti lake zito, akilaumu barabara, bei ya petroli na waziri yeyote aliyehusika. Kila walipozidi kwenda alifungua kifungo kimoja cha koti. Walipovuka daraja na kuingia kisiwani, koti lilikuwa chini ya kiti.

Kwenye uwanja wa makaravani walipewa nafasi ukingoni kabisa mwa maji. Ukishuka ngazi ya karavani unakanyaga nyasi, ukiziacha nyasi unakanyaga mchanga, na mbele yake bahari imetulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Olivier akachomeka waya wa umeme, akakunjua turubai la kivuli, akapanga viti. Marie-Jeanne akabandika sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao. Kalume akaketi, jua likamwingia magotini, ndege mmoja mnene wa mdomo mrefu, mwari, akapita akitembea kama diwani. Alitafuta la kulalamikia akakosa, na hilo likamuudhi zaidi.

"Kumbe wakubwa wanalificha jua lao huku," akasema mwishowe.

Jumamosi asubuhi walimshusha majini, maji yakamfika magotini. Marie-Jeanne akamtaja dada yake kwa jina, akamwomba Mungu, akaanza na upande wa kulia. Nywele zikaanguka mafungu mafungu, akazikusanya kwenye kitambaa. Alikuwa amefika katikati ya utosi simu ilipolia kwenye kiti ufukweni.

Olivier aliona jina, uso ukambadilika. Akaipokea kwa spika, akaingia nayo majini.

"Kalume, rafiki yangu," supavaiza akasema. "Nimepungukiwa watu. Kesho nakuhitaji. Tafuta ndege leo."

"Niko likizo. Wewe mwenyewe ulisaini."

"Najua, lakini kazi ni kazi. Usipokuja, sikuhakikishii kama utakuta shifti zako ukirudi."

Ile "sawa bosi" ilishamfika Kalume kwenye ulimi. Miaka yote hiyo ilizoea kutoka yenyewe. Povu la sabuni likamteremka shingoni. Marie-Jeanne aliuondoa wembe kichwani, asimsukume wala asimzuie.

"Shemeji," akasema polepole, "nusu ya kichwa chako iko hapa, nusu iko Smithfield. Chagua."

Kalume akaichukua simu kwa mkono uliolowa maji.

"Siji."

"Umesemaje?"

"Siji! Mke wangu alipokuwa anakufa uliniambia kazi ni kazi, nikabaki. Leo dada yake ananitoa kilioni. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, lakini utamfukuza mtu aliyenyolewa kichwa kizima!"

Upande wa pili supavaiza akakohoa.

"Basi, nilikuwa nauliza tu. Nitampigia Tevin aje badala yako."

"Mpigie. Ukinitafuta tena kabla likizo haijaisha, atakupokea shemeji yangu. Na yeye ana wembe mkononi."

Simu ikakatwa. Marie-Jeanne akapiga vigelegele vilivyowarusha ndege wote wa ufukweni. Wazee wawili wa karavani ya jirani, vikombe vya kahawa mkononi, wakidhani ni sherehe yake, wakampungia Kalume na kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Akawatazama, nusu upara nusu kichaka, kicheko kikamtoroka.

Marie-Jeanne akamzaba kofi la bega. "Bado! Hujamalizwa, wewe! Unataka kuniharibia?"

Akakimeza kicheko, mabega yakitikisika, hadi wembe ulipopita mara ya mwisho chini ya kidevu na beseni la maji likamwagwa kichwani.

"Haya. Sasa cheka."

Hakucheka tu. Alijitupa majini mzima mzima, akaibuka akinguruma kama lori, akaita "Chibalonza!" mpaka sauti ikafika ng'ambo, bara, akazama tena.

Mchana, baada ya samaki na sombe, alipanda kitanda cha karavani, mlango wazi kuelekea baharini, upepo wa vuguvugu ukimpapasa upara. Mezani simu ikaanza kutetemeka. Namba ya ghala. Olivier akanyoosha mkono aizime.

"Iache ilie," Kalume akasema, akigeukia ukuta. "Nataka wajue nipo na sipokei."