Rangi Moja, Koo Mbili

Jana mchana, usingizi ulinipitia mlangoni mwa chumba cha nyoka, nikaota nimealikwa harusi ya boa wangu, wale nyoka wakubwa jamii ya chatu.

Mnielewe kwanza. Tuna boa albino wawili: Dodo, jike mweupe mwenye mabaka ya njano kama embe lililoiva, na Tui, dume mweupe mwenye macho mekundu. Dodo ana mimba. Mjomba Sekiondo, mwenye shamba hili la nyoka, alishaniambia: "Hidaya, akizaa weupe anabaki. Akizaa wa kahawia, anakwenda kwa watu wa sarakasi." Na mimi Dodo nampenda jamani, nimemlea tangu akiwa mwembamba kama kidole.

Basi, ndotoni Dodo amejitanda kanga, ametulia. Fimbo yetu ya kunyanyulia nyoka ndiyo mshenga. Inakohoa.

"Bwana harusi ni wa ukoo gani?"

"Weupe," najibu upesi.

"Hiyo ni rangi, mwanangu. Nimeuliza ukoo."

Mungu wangu! Posa zote nilizohudhuria huanza na swali hilo. Hawa nimewaoza kwa kutazama ngozi tu!

Tui anainua kichwa. "Weupe wetu ni wa kwetu, kina Dodo wana wa kwao. Hata misibani hatujuani."

Mara tumo kwenye karakana ya mchora mabango. Watoto wa boa ishirini na mmoja wamepanga foleni. Anayetaka kupakwa nyeupe alete vikaratasi viwili vya ukoo mmoja, kimoja cha baba, kimoja cha mama. Wanakunjua: kimoja cha kina Tui, kimoja cha kina Dodo.

"Havilingani," inasema brashi. "Kahawia." Inawachora mabaka mgongoni na mikia myekundu.

"Dodo wangu ataondoka!" nalia.

"Acha kelele. Vikaratasi wanabaki navyo. Hawa wakija kuzaliana, baadhi ya wajukuu watatoka weupe, wa huku na wa kule."

Nikaruka kwa furaha! Nikambeba wa mwisho kabla rangi haijakauka, dole gumba langu likazama kwenye baka la tatu.

"Ona sasa," ikasema brashi.

"Hidaya, amka! Dodo kazaa!" Ni mjomba, amenuna. "Kahawia watupu."

Nikawahesabu mmoja mmoja. Ishirini na mmoja.

"Mjomba, hawa wazazi tuliwanunua sehemu moja?"

"Wapi! Kila mmoja na kwao."

"Basi ndiyo maana! Kila mtoto amebeba weupe wa koo mbili, umejificha tu. Subiri wajukuu."

"Nani kakwambia?"

Nilimwinua mdogo kuliko wote. Baka lake la tatu lilikuwa na mistari myembamba iliyojizungusha. Nikaweka dole gumba juu yake, likaenea sawasawa.

Mjomba alilitazama baka, akalitazama dole langu, kisha akaenda kufungua kamba za sanduku alilokwisha kumwandalia Dodo.